Kwa nini ndoo ya Pongwe haijai kwa sekunde 9

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi na muhula huu tumeanza mekanika ya viowevu. Nyumbani Pongwe, Tanga, tuna tangi la lita 5,000 juu ya mnara. Maji yanashuka kwenda bustani ya mboga kwa bomba jeusi la plastiki la nusu inchi, urefu wake mita 120. Kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye koki ni mita 6. Nilitumia mlinganyo wa Bernoulli nikapata kasi ya mita 10.85 kwa sekunde, maana yake ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 9. Nikapima kwa saa ya simu: dakika 2 na nusu. Fundi anasema dawa ni kupandisha mnara. Je, aliyekosea ni Bernoulli au ni mimi? Na mnara tuupandishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kushika ndoo na saa. Wanafunzi wengi wakishapata 10.85 huipigia mistari miwili chini na kufunga daftari. Wewe ulikwenda hadi kwenye koki, na ulichokiona pale ndiyo nusu ya kozi yenyewe.

Nianze na la nyumbani, maana hapo kuna fedha za wazee. Mnara msiupandishe, badilisheni bomba. Mkiupandisha mara mbili, hadi mita 12, ndoo itajaa kwa sekunde 95 hivi. Mkiuacha palepale na kuweka bomba la inchi moja, itajaa kwa sekunde 40 hivi, mradi koki nayo muibadilishe. Namba hizi zinatoka kwenye jibu la swali lako la kwanza, kwa hiyo twende nalo taratibu.

Mlinganyo unaobeba jina la Daniel Bernoulli, aliyechapisha hoja zake mwaka 1738, ni hesabu ya nishati. Kila kipande cha maji kina nishati ya aina tatu: ya kuwa juu (z), ya kanieneo, au presha kama mafundi wasemavyo (p/ρg), na ya mwendo (v²/2g). Hapa p ni kanieneo, ρ ni densiti ya maji, v ni kasi na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Zote tatu zikiandikwa hivyo zinapimwa kwa mita, na wahandisi huziita hedi au kimo. Jumla yake haibadiliki kutoka nukta moja hadi nyingine iwapo mtiririko haubadiliki kwa wakati, densiti ni ileile, unafuata mstari mmoja wa mtiririko, hakuna pampu wala tabo (mtambo unaozungushwa na maji) katikati, na hakuna msuguano. Masharti haya hukaririwa kwa ajili ya mtihani kisha yakasahaulika kwenye swali linalofuata. Hilo la mwisho ndilo lililokukamata.

Tazama kwanza mahali ambapo hesabu yako ingekuwa sahihi. Chukua pipa lenye maji ya kina cha mita 1, litoboe ubavuni karibu na kitako, tundu la milimita 16. Maji yatachomoka kwa kasi inayokaribia sana √(2gh), yaani mita 4.4 kwa sekunde. Hii ni kanuni ya Torricelli, ya tangu miaka ya 1640. Kati ya maji yaliyotulia na mdomo wa tundu, maji yamegusa ukuta kwa milimita chache tu, na msuguano haujapata nafasi ya kula kitu. Jambo moja tu la kurekebisha hapo: mkondo hujibana ukishavuka tundu, kwa hiyo ujazo unaotoka ni kama asilimia 60 ya kasi mara eneo la tundu. Mkifika maabara kumbukeni hiyo 0.6. Ripoti nyingi huilaumu saa au macho ya mpimaji kwa tofauti ambayo ni ya mkondo kujibana.

Sasa rudi kwenye bomba lako. Bomba la plastiki la nusu inchi, lile ambalo kwa nje lina milimita 20, kwa ndani huwa na kama milimita 16. Gawanya mita 120 kwa 0.016, unapata 7,500. Hiyo ni L/D, urefu kwa vipenyo, na ningependa uiandike juu ya karatasi kabla ya kuandika mlinganyo wowote. Ikiwa ni 1 au 2, Bernoulli peke yake anatosha. Ikifika 50, ukuta na mdomo wa kuingilia vimeshakula zaidi ya nusu ya kimo chako. Ikiwa ni 7,500, kasi ya 10.85 haihusiani tena na bomba lililoko ardhini.

Kwa nini ukuta ule kiasi hicho, ilhali plastiki ni laini? Maji yanayogusa ukuta hayasogei kabisa. Hata bomba liwe laini kama kioo, hata maji yawe ya Bwawa la Mabayani yaliyokwisha kuchujwa, tabaka lile linalogusana na plastiki limesimama tuli. Linalofuata linateleza juu yake, la tatu juu ya la pili, hadi katikati ambako mwendo ni mkubwa kuliko kote. Kila tabaka linamvuta mwenzake nyuma. Ulaini wa plastiki unapunguza vurugu inayozalishwa ukutani, lakini tabaka la ukutani hauwezi kulisogeza.

Uone ukubwa wa jambo hili kwa namna nyingine. Pasua bomba lako lote kwa wembe, mwanzo hadi mwisho, ulitandaze uani kama mkeka. Utapata mkeka wa mita za mraba 6. Na maji yaliyokuwa ndani yake yote ni kama lita 24, ndoo moja na kidogo. Lita 4 tu kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa kusugua! Fanya vivyo hivyo kwa bomba la inchi moja, ambalo kwa ndani lina milimita 26 hivi: mkeka unakuwa wa mita za mraba 9.8, lakini maji ni lita 64, yaani lita 6.5 kwa kila mita ya mraba. Ukuta umeongezeka, maji yameongezeka zaidi. Siri ya kipenyo imeanzia hapo.

Mlinganyo unaokufaa ni uleule wa Bernoulli, ila umeongezewa makato. Kwa tangi lililo wazi juu na koki inayomwaga hewani:

H = (f·L/D + ΣK + 1) · v²/2g

H ni mita zako 6. Sehemu ya kwanza kwenye mabano ni msuguano wa ukuta, kazi ya Darcy na Weisbach wa karne ya 19. ΣK ni makato ya viungo. Ile 1 ya mwisho ni nishati ya mwendo ambayo maji yanaondoka nayo. Ulichokifanya wewe ni kubakiza 1 peke yake na kufuta vingine vyote.

Ili upate f, kigezo cha msuguano, unahitaji kujua mtiririko ni tulivu au ni wa vurugu. Osborne Reynolds alilionyesha hilo Manchester mwaka 1883 kwa kupitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo: maji yakienda polepole uzi ulinyooka, yakiongezwa kasi ukakatika na kusambaa. Namba yake ni Re = vD/ν, ambapo ν ni mnato wa maji (ugumu wake wa kutiririka) uliogawanywa kwa densiti yake. Katika bomba, chini ya 2,300 hivi ni utulivu, juu ya 4,000 ni vurugu, katikati hapatabiriki. Hata bombani kwako unaweza kuona kitu kinachofanana na hicho. Fungua koki kidogo sana na maji yatatoka kama uzi wa kioo, unaona hata vidole nyuma yake. Endelea kufungua na uzi ule utaanza kupoteza ung'avu na kutetemeka.

Angalizo dogo kuhusu ν. Jedwali nyingi za vitabu hutoa thamani ya nyuzi 20, ambayo ni 1.0 × 10⁻⁶ m²/s. Maji ya tangi jeusi juani Tanga hayana nyuzi 20. Kwa nyuzi 28 chukua 0.84 × 10⁻⁶. Kwa maji tofauti hii haikuharibii jibu, ila kwa mafuta mnato ndio kila kitu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani hapo Tanga, kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima, kwa sababu mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa huganda. Mwanafunzi wa Tanga akiulizwa mnato una kazi gani katika uhandisi, ana mfano nyumbani.

Sasa tuhesabu. Viungo vyako hujanitajia, kwa hiyo nachukulia vya kawaida: mdomo wa kutokea tangini K = 0.5, elbo nne, kila moja 0.9, jumla 3.6, geti valvu moja iliyofunguliwa yote, 0.2, na koki ya kusokota ya bustani, 10. Jumla ni 14.3. Ongeza ile 1, inakuwa 15.3.

Ugumu ni kwamba f inategemea kasi, na kasi inategemea f. Usiogope. Kisia, hesabu, rekebisha, rudia. Anza na f = 0.03. Basi f·L/D ni 225, jumla ya mabano 240.3, na v = √(117.7/240.3) = 0.70 m/s. Namba ya Reynolds inakuwa 0.70 × 0.016 / (0.84 × 10⁻⁶), kama 13,300. Ni vurugu. Kwa bomba laini na Re isiyozidi 100,000, fomula ya Blasius inatosha: f = 0.316/Re^0.25, inatoa 0.0294. Rudi mwanzo: f·L/D sasa ni 220.5, mabano 235.8, v = 0.71 m/s. Ukirudia tena hakuna kinachobadilika, kwa hiyo simama hapo. Mizunguko miwili imetosha, na karibu kila mara hutosha. Kwa mabomba yanayokwaruza ndani, kama ya chuma yaliyoanza kutu, Blasius hafai. Hapo tumia chati ya Moody ya mwaka 1944 au mlinganyo wa Colebrook.

Eneo la bomba ni 2.01 × 10⁻⁴ m². Zidisha kwa 0.71, ni lita 0.142 kwa sekunde. Ndoo ya lita 20: sekunde 141. Wewe ulipima 150. Tofauti ni chini ya asilimia 7, na inaweza kuelezwa na elbo moja ambayo sikuihesabu, kasoro ndogo ya kipenyo, au usawa wa maji tangini kushuka ukiwa unapima. Katika kazi ya mabomba hilo ni jibu zuri.

Tazama mita zako 6 zilivyogawanyika, kwa sababu hapa ndipo mwanga unapoingia. Mita 5.6 zimeliwa na ukuta. Sentimita 36 zimeliwa na viungo, na kati ya hizo koki peke yake imekula 25. Nishati ya mwendo iliyobaki pale koki inapomwaga ni sentimita 2.5. Hesabu yako ya kwanza iliwapa mwendo mita zote 6.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ushauri wa fundi haulipi. Ukiongeza kimo mara mbili, kasi haiongezeki mara mbili, maana msuguano hukua karibu na mraba wa kasi. Nimepitisha H = 12 kwenye hesabu ileile: v = 1.05 m/s, ndoo sekunde 95. Mmejenga mnara mpya, mmeweka tani 5 za maji juu ya vichwa vya watu kwa urefu mara mbili, na mmepunguza sekunde 46. Fundi wako hajasema uongo, maji yangeongezeka kweli. Ni ghali na ni hatari kwa faida ndogo.

Kipenyo hufanya kazi kwa nguvu nyingine kabisa. Andika v kwa kutumia Q, ujazo unaopita kila sekunde, v = 4Q/πD², uiweke kwenye msuguano, na utaona upotevu unakwenda na Q²/D⁵. Kipeo cha tano! Kutoka milimita 16 hadi 26, kwa ujazo uleule, upotevu unapungua kama mara 11. Kwa kimo chako cha mita 6, hesabu inatoa v = 0.97 m/s, lita 0.51 kwa sekunde, ndoo sekunde 39. Njia zinazoshusha maji kwenye mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, kwenye Mto Pangani, nazo hazibanwi kwa sababu hiyohiyo: kila mita ya kimo inayoliwa na ukuta ni umeme ambao hautazalishwa.

Lakini ngoja kwenye koki, maana watu wengi hubadilisha bomba kisha wakashangaa. Tuseme umeweka bomba la inchi moja na mwishoni ukafunga soketi ya kupunguzia ili koki ya zamani ya nusu inchi iingie. Maji yale yale yanayopita milimita 26 sasa yanapenya milimita 16, kasi hapo ni mara 2.64, na upotevu wa koki unakwenda na mraba wake. K ya 10 ukiipima kwa kasi ya bomba kubwa inakuwa kama 70. Ndoo inapanda kutoka sekunde 39 hadi 49. Wekeni koki ya inchi moja, na ikiwezekana iwe bol valvu, ambayo ikifunguliwa yote ina K ndogo kama 0.05. Kwenye bomba lako la sasa kubadilisha koki peke yake hakukusaidii kitu cha maana: sentimita 25 kati ya mita 6. Kwenye bomba pana, koki ileile ndiyo inakuwa kikwazo.

Kwenye duka la vifaa, msiulize "bomba la nusu" au "la inchi" mkaishia hapo. Ulizeni kipenyo cha ndani, au chukueni rula mkapime mdomo. Bomba la PPR (aina ya plastiki ngumu) la milimita 20 lenye ukuta mnene wa milimita 3.4 lina tundu la milimita 13.2 tu. Mbele ya macho ni bomba la ukubwa uleule na hilo lako la plastiki nyeusi, lakini kwa kimo kilekile litapitisha kama asilimia 60 tu ya maji. Tena PPR huunganishwa kwa moto. Fundi akiipasha kupita kiasi, plastiki huvimba kwa ndani kama pete kwenye kila kiungo, nawe huioni mpaka ukate.

Kosa jingine la ardhini ni hewa. Bomba likipanda kilima kidogo kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu na kubana njia. Mkondo wa mita 0.7 kwa sekunde unaweza kushindwa kuisukuma ikatoka. Dalili yake ni maji kutoka kwa vipindi, yakikohoa, hasa baada ya tangi kukauka na kujazwa upya. Mkilaza bomba jipya lifuate mteremko mmoja, na pasipowezekana wekeni tii (kiungo cha njia tatu) yenye valvu ndogo ya kutolea hewa pale panapoinuka.

Sasa mtihani. Makosa yanayokula alama kwenye sehemu hii ya kozi ni machache na hujirudia mno.

Vitabu vya uhandisi kemikali mara nyingi hutumia kigezo cha msuguano cha Fanning, ambacho ni robo ya kile cha Darcy. Njia ya kuvitambua ni kutazama mtiririko tulivu: kitabu kikisema f = 64/Re, ni Darcy; kikisema 16/Re, ni Fanning, na fomula ya upotevu itakuwa na 4 mbele yake. Ukichanganya chati ya kitabu kimoja na fomula ya kingine, upotevu wako utakosea mara nne na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokushtua.

Pili ni kutochagua nukta. Kabla ya kuandika mlinganyo, chora tangi, chora bomba, weka nukta 1 na nukta 2, na andika pembeni p, v na z za kila moja. Nukta 1 iwe juu ya uso wa maji, maana pale kanieneo ni la anga na kasi ni karibu sifuri. Nukta 2 iwe nje kidogo ya koki, ambako kanieneo ni la anga pia. Mwanafunzi anayeweka nukta 2 ndani ya bomba kabla ya koki kisha akasema p = 0 ameshapotea, hata kama hesabu zake zote zinazofuata ni safi.

Vipimo ninavitaja kwa haraka: milimita ziwe mita kabla ya kuingia kwenye D⁵, na bar 1 ni mita 10.2 za maji. Kanieneo la geji (linalohesabiwa kuanzia la anga) na kanieneo kamili (linalojumlisha la anga) visichanganywe ndani ya mlinganyo mmoja.

Halafu jizoeze kuitilia shaka kasi yenyewe. Maji kwenye mabomba ya kusambazia huenda kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde, hivyo ndivyo yanavyosanifiwa. Hata lile bomba la Chongoleani, likipitisha mapipa 216,000 kwa siku, mafuta yanakwenda kama mita 1.4 au 1.5 kwa sekunde. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, pipa moja ni lita 159. Ukipata mita 10 kwa sekunde ndani ya bomba jembamba la bustani, simama kabla ya kupiga mstari.

Kabla hamjanunua bomba jipya, kuna kipimo kimoja cha kufanya ili mjue kama tatizo ni wembamba peke yake au kuna uchafu uliokwama mahali. Umewahi kumwona fundi ujenzi akisawazisha msingi kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Anashika ncha moja, msaidizi ncha nyingine, na usawa wa maji unalingana pande zote mbili, mradi hakuna povu la hewa katikati. (Povu likiwepo usawa hudanganya, ndiyo maana wanaukung'uta mpira kwanza.) Mpira ule ule ni kipimo cha kanieneo. Kateni bomba lenu katikati, kwenye mita 60, wekeni tii na valvu ndogo, na kwenye valvu fungeni mpira huo wa mita 5 au 6 uliosimamishwa kwa kuufunga kwenye mti au mlingoti.

Fungua koki ya bustani yote, subiri dakika moja, kisha fungua ile valvu ndogo. Kung'uta mpira mapovu yatoke, na pima maji yamesimama urefu gani juu ya usawa wa koki. Kwa hesabu yetu yanapaswa kusimama karibu na mita 3.1: nusu ya msuguano imeshalipwa, nusu bado. Yakisimama hapo, bomba ni zima, ni jembamba tu. Yakipanda hadi mita 5 huku koki ikitoa maji kidogo, kizuizi kiko kati ya tii na koki. Yakisimama mita 1, kizuizi kiko upande wa tangi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni geti valvu iliyofunguliwa nusu na mdomo wa kutokea tangini, ambako tope hukaa. Funga valvu ndogo kabla ya kufunga koki ya bustani, la sivyo maji yatapanda kwenye mpira hadi usawa wa tangi na kumwagikia anayepima.

Geji za presha zinazouzwa kwa wingi, zenye uso wa bar 0 hadi 10, hazitakusaidia hapo: mita 3.1 ni bar 0.3 tu, na mshale utasogea kwa unene wake. Tumia mpira. Na ukishapima, weka namba hiyo kwenye mlinganyo kati ya tangi na tii peke yake, uitafute f kutokana na ndoo yako ya sekunde 150, kisha uilinganishe na ya Blasius.